Mgomba na Mizizi Yake: Imani na Ujirani katika Mitunguu

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Desturi ya mkutano huu ni kwamba karani husoma hesabu, kisha akaketi. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze maneno machache juu ya jinsi imani ya Kikristo iwezavyo kutia mizizi katika maisha yetu ya pamoja. Tunaomba radhi mapema kwa wazee. Sisi hatujafika umri wa kuwafundisha watu wenye mvi, na wamo humu wahubiri na makatekista ambao wangalisema haya kwa ufasaha zaidi. Lakini karani ana jambo moja ambalo mhubiri hana: yeye hushika vitabu. Hujua nani ametoa, nani amepewa, na nani amenyimwa. Kwa hiyo tutasema kutoka vitabuni, na mwishoni tutawaonyesha mstari mmoja katika hesabu za mwaka huu ambao umetukosesha usingizi.

Tuliposikia neno "mizizi" tulikwenda kwanza shambani kuchimba, maana mtu wa Mitunguu akitaka mfano hana haja ya kwenda mbali. Mgomba uko mlangoni pake. Na mgomba ulituaibisha. Mizizi yake mingi haiendi chini sana, bali hutambaa karibu na uso wa ardhi. Hata lile tuliitalo shina si shina, ni majani yaliyoviringana. Ndiyo sababu upepo uletao mvua huangusha hasa ile migomba yenye mikungu mikubwa, ambayo mwenye shamba amekwisha kuihesabia fedha yake. Shina la kweli limo ndani ya udongo, nene, lisiloonekana, nalo ndilo lililowashikamanisha mama na watoto. Mama akikatwa, mtoto amekwisha kusimama. Tena mkulima mwenye akili hauhubirii mgomba wake usimame imara. Hukata mti wenye panda, akauegemeza.

Wazee wanakumbuka kuliko sisi jinsi nchi hii ya chini ilivyokuwa kabla ya maji. Watu wa juu, upande wa Nkubu, waliiona kuwa nchi ya joto na homa, nchi ya mtama, mawele na pojo, mahali ambapo mtu huteremka kulima kisha akapanda kurudi kwao. Katika miaka ya 1980 ukaanzishwa mradi wa kumwagilia mashamba kwa msaada wa Serikali ya Ujerumani. Maji ya mto Thingithu yakaletwa kwa mabomba, yakishuka yenyewe kwa nguvu ya mteremko, na nchi ya mawele ikawa nchi ya ndizi. Watu wakateremka kutoka Abogeta, Nkuene, Igoji na kwingineko; wengine wakapanda kutoka Tharaka. Kila mmoja alikuja na kanisa lake kama alivyokuja na mbegu yake.

Twayataja haya kwa kuwa ujirani wa Mitunguu ni mpya. Kule juu mtu akifa, ukoo wake u karibu. Kaburi huchimbwa na ndugu zake. Huku chini jirani yako yaweza kuwa si wa ukoo wako, wala si wa kanisa lako, na pengine lafudhi yake ya Kimeru hukuchekesha. Chama hiki kilizaliwa kutokana na upungufu huo. Waliokiunda walitaka mtu wa Mitunguu asizikwe kama mgeni.

Makanisa yenyewe yalifika nchi ya Meru karibu wakati mmoja. Mapadre wa Consolata walikuja mwaka 1911, Wamethodisti wakajenga Kaaga mwaka 1912, na Daktari Irvine wa misheni ya Scotland akaanza kazi Chogoria mwaka 1922. Upande wa Embu, CMS walikuwa wamekwisha kufika mwaka 1910. Hawakukuta watu wasiojua kuomba. Babu zetu walikuwa na Mugwe, ambaye mkono wake wa kushoto ulifichwa chini ya vazi kwa sababu ndio uliokuwa wa baraka. Mti ulipandwa, basi, katika udongo uliokwisha kulimwa, ijapokuwa si wote waliopanda waliotambua hivyo.

Katika historia hiyo yako mambo mawili ambayo hatupendi kuyazungumza mbele za watu, nasi leo tutayazungumza. Mwaka 1929 na ule uliofuata, misheni za Kiprotestanti ziliwataka wafuasi wao watoe ahadi ya kuacha tohara ya wanawake. Huko Chogoria kanisa likabaki na watu wachache mno, na Wamethodisti wa Meru pia wakapoteza wengi. Watu waliokuwa wakiimba Jumapili moja hawakuonekana Jumapili iliyofuata. Kisha mwaka 1956 Njuri Ncheke yenyewe, katika utawala wa kikoloni, ikapiga marufuku desturi hiyo. Wasichana wakachukua nyembe wakatahiriana wenyewe, wakaitwa Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika muda wa miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja agizo hilo.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba waliokataza hawakuona madhara. Madhara yalikuwapo, na sisi tunafurahi kwamba binti zetu wanalindwa na sheria ya mwaka 2011. Tunasema tu kwamba ahadi ile na amri ile zilifika kwenye majani, hazikufika kwenye shina. Mama aliyekuwa na binti nyumbani hakuketiwa na mtu akaulizwa anaogopa nini. Aliambiwa atie alama ya kidole au aondoke. Wengi wakaondoka.

Kwa upande mwingine twamkumbuka Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa Wameru wa kwanza kuingia katika Kanisa la Kimethodisti na kuwa mchungaji wake. Mtu huyu aliketi karibu na mwaka 1930, wakati makanisa yanapasuka, akaandika kwa Kiswahili habari za asili ya Wameru na tabia zao. Tena aliingia Njuri, akakaa pamoja na wazee. Pengine wako waliomwona kuwa amepotoka. Sisi twaona alikuwa amechimba mpaka shinani, maana haiwezekani kumtunza mtu ambaye hutaki kumjua.

Sasa tuje kwetu. Mtu akisimama sokoni Jumapili asubuhi husikia vipaza sauti vya makanisa mengi, kila kimoja kikitaka kumshinda mwenzake. Hatuna upungufu wa kuimba. Wala hatuna upungufu wa kuchanga, hasa pale majina yanaposomwa kwa sauti; ijapokuwa vitabu vyetu vyashuhudia kwamba ahadi zilizotolewa mbele ya kipaza sauti hulipwa polepole kuliko zile zilizotolewa kimya. (Wazee mnacheka, lakini orodha tunayo.) Mgeni akitutazama atasema imani hapa imesitawi. Mkungu ni mkubwa, hilo hatulikatai.

Lakini mwaka huu ulivuma upepo mdogo, nao ukatuangusha sisi wenyewe, karani na Halmashauri pamoja. Mwanachama mmoja, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya watu wake, alilipa ada kwa miaka kumi na mmoja bila kukosa mwezi hata mmoja. Kisha akaugua. Fedha ya ndizi ikaenda kwa dawa na nauli za kwenda hospitali na kurudi. Alipofariki alikuwa na deni la miezi minne. Nanyi mwajua kifungu chetu: anayezidisha miezi mitatu hana haki ya msaada wa mazishi. Mjane alileta barua. Halmashauri iliijadili kwa robo saa. Sisi tukaandika jibu kwa kile Kiswahili safi tulichofundishwa katika shule ya misheni, tukianza na "Twasikitika kukuarifu", tukaipiga muhuri. Tulijiona tumefanya kazi yetu vema, kwa kuwa kifungu kilikuwa wazi.

Maziko yalifanyika. Majirani walichanga walichokuwa nacho. Sisi nasi tulikwenda, tukaimba kama wengine, tukala chakula cha matanga.

Baada ya majuma matatu mama yule alifika ofisini. Tulidhani amekuja kukata rufani, nasi tulikuwa tumekwisha kukifungua kitabu cha kanuni mahali penye kifungu. Hakuja kuomba kitu. Alifungua ncha ya leso yake akatoa shilingi 800, akasema ni deni la marehemu. Alisema amesikia kwamba majina ya wadeni husomwa katika Mkutano Mkuu, naye hataki jina la mumewe lisomwe. Tukazihesabu zile fedha. Tukaandika risiti. Ndugu wanachama, hiyo ndiyo aibu yetu, kwamba tuliandika risiti na mkono haukusita. Akasema, "Asante, mwanangu," akaenda zake. Tulikuwa tumekwisha kufunga ofisi jioni ndipo tulipofahamu kwamba katika chumba kile ni mtu mmoja tu aliyeishika imani, naye si karani.

Hapo tulikumbuka habari ambayo Wamethodisti waliomo humu wanaijua, au wangepaswa kuijua. Mwaka 1742, katika mji wa Bristol huko Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao la ibada. Wakakutana kushauriana jinsi ya kulilipa. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akatoa shauri kwamba kila mtu atoe peni moja kwa juma. Mwingine akasema wengi ni maskini, hawawezi. Foy akajibu kwamba wamwekee yeye kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Wakiweza kutoa, vema. Wasipoweza, yeye atawalipia kama anavyojilipia mwenyewe. Wengine nao wakakubali kila mmoja kuwatembelea majirani kumi na mmoja kila juma. Wakaenda kukusanya peni, na huko majumbani wakaona mambo ambayo hayakuonekana kanisani: huyu analewa, huyu anagombana na mkewe, huyu hana chakula. Wesley alipopewa habari hizo alitambua kwamba ndicho kitu alichokuwa akikitafuta siku nyingi. Yale madarasa ya Kimethodisti, yaliyoenea duniani mpaka yakafika huku kwetu, yalianza na kitabu cha madeni.

Ndugu zetu Wakatoliki wamefika mahali hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1976 maaskofu wa Afrika ya Mashariki, walipokutana Nairobi, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe jambo la kwanza katika kazi yao. Majirani wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wasome Injili, waulizane nani mgonjwa na nani hajaonekana. Hizo nazo zaweza kugeuka kuwa orodha ya michango tu. Si sisi tusemao hivyo. Ni wanachama Wakatoliki wenyewe waliotuambia, wakicheka kidogo.

Kitabu kile kile, basi, chaweza kuwa mlango wa kuingilia nyumbani kwa mtu, au ukuta wa kumfungia nje. Sisi tulikifanya ukuta.

Hapa hatuna budi kuungama kwamba tangu siku ile tulijaribu jambo fulani bila ruhusa ya Halmashauri. Badala ya kupeleka makumbusho ya deni kwa simu, tulianza kwenda kwa miguu, saa za jioni, pamoja na mzee mmoja wa mtaa, kwa kila nyumba iliyokuwa na deni la miezi miwili. Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Hatusemi kwamba tulikuta malaika. Mmoja alikuwa na fedha akainywa, naye alituambia hivyo bila kificho, akatukaribisha tunywe naye. Wengi walikuwa na karo za shule au ugonjwa. Babu mmoja alikuwa akipewa fedha na watoto wake kila mwezi, lakini tangu mjukuu aende chuoni hapakuwa na mtu wa kumtumia kwa simu, naye aliona haya kuomba. Deni lake lililipwa palepale kutoka chini ya godoro.

Lakini nyumba moja ilituweka mpaka usiku. Mwenyewe alisema hana shida ya fedha. Amekataa tu kulipa. Tulipouliza sababu alisema kwamba mwanachama mwenzake humfungia maji katika zamu yake, na kwamba hawezi kuweka fedha yake katika kapu moja na mtu huyo. Watu hao wawili husali katika kanisa moja. Wamepokea Meza ya Bwana pamoja kwa miaka miwili bila kusalimiana, kwa ajili ya koki ya bomba. Mzee tuliyekuwa naye hakusema neno la dini. Aliuliza zamu huanza saa ngapi, akaambiwa saa kumi na moja alfajiri. Kesho yake saa kumi na moja tulikuwa bombani watu wanne, tukiwa na tochi. Ikaonekana kwamba yule wa pili alikuwa akifunga koki kwa kudhani saa za mwenzake zimekwisha, kwa kuwa zamu zilibadilishwa wakati wa ukame mmoja na hakuna aliyemwambia. Tena yeye naye alikuwa na kinyongo chake, cha mbuzi waliokula mihogo, ambacho kilichukua muda mrefu zaidi kuliko maji. Jua lilichomoza bado wanasemezana. Hatukuona wakikumbatiana, wala hatutaki kuwatungia hadithi. Lakini ada imelipwa, na juma lililofuata mmoja alimwegemezea mwenzake mgomba uliokuwa unalala upande wa mpaka.

Twauliza: je, mahubiri yote ya miaka miwili yalipita wapi yasifike kwenye bomba lile? Yalikuwa mema, tuliyasikia. Lakini hakuna aliyetumwa kwenda pale alfajiri. Sisi twaamini imani haiteremki udongoni kwa uzito wa maneno yake. Huteremka pale mtu mmoja anapokuwa na wajibu, ulioandikwa na kujulikana, wa kubisha hodi kwa nyumba fulani na fulani, na kurudi kueleza alichokikuta.

Kwa sababu hiyo Halmashauri imeturuhusu tulete mbele yenu shauri hili. Wanachama wagawanywe kwa ujirani, nyumba kumi na mbili kumi na mbili, bila kutazama kanisa la mtu. Kila kundi liwe na msimamizi. Mtu akikosa ada miezi miwili, msimamizi aende nyumbani kwake kabla mwezi wa tatu haujaisha. Akiona kwamba haiwezekani kweli kulipa, zile nyumba kumi na moja zimlipie mpaka asimame. Akiona kwamba inawezekana na mtu hataki, awaambie wazee. Wala kifungu cha miezi mitatu kisitumiwe juu ya mtu yeyote ambaye hakuendewa.

Mweka hazina wetu ametuonya, naye ana haki ya kuonya, kwamba chama kinachosamehe ovyo hufilisika, na kwamba wavivu watajificha nyuma ya wagonjwa. Amewahi kuona vyama vikifa hivyo. Hatuna jibu kamili kwake. Tuna hesabu tu: ada ya nyumba moja ni shilingi 200 kwa mwezi, ikigawanywa kwa nyumba kumi na moja, hazifiki shilingi 20 kwa kila nyumba. Na kuhusu wavivu, jirani wa karibu huwatambua upesi kuliko karani aliye ofisini. Vijana nao wameuliza kwa nini jambo hili lisifanywe kwa simu. Tumewajibu kwamba fedha na zitumwe kwa simu, lakini simu haikuwahi kutueleza habari za mbuzi.

Liko neno la mwisho, nalo ni ule mstari tuliousema. Fungueni kijitabu hiki kwenye hesabu, upande wa mapato, mahali palipoandikwa "Malimbikizo ya ada yaliyokusanywa". Ndani ya jumla hiyo zimo shilingi 800 za mjane yule. Mkaguzi amezikubali, kwa sababu risiti ipo. Twauomba mkutano huu, kabla haujapitisha hesabu, utuamuru kuzitoa fedha hizo katika mapato na kuzirudisha kwake, pamoja na msaada wa mazishi ambao mumewe aliuchangia kwa miaka kumi na mmoja. Tena twaomba wazee wawili wazipeleke wenyewe nyumbani kwake, pamoja na barua nyingine, ambayo tumekwisha kuiandika na haianzi kama ile ya kwanza. Mkutano ukikataa, tutaandika hivyo katika kumbukumbu, kama ilivyo kazi yetu.

Mama mwenyewe hayupo hapa leo, wala hajui kwamba jambo hili linasemwa. Alikwisha kuandikisha jina lake mahali pa jina la mumewe, na ada yake ya mwezi huu ililipwa tarehe 3.